"Si Nilikuvua Ziwani?": Nyamgondho na Wapiga Mbizi wa YouTube

Video hizi ukishaona tatu umeziona zote, na bado utaangalia ya nne. Jamaa anabeba mtungi wa hewa mgongoni, anaiambia kamera twende tuone mto umetuwekea nini leo, halafu anazama. Chini ni giza la kijani. Mkono unapapasa changarawe, unaibuka na miwani, chupa, ndoana zenye kutu. Kisha muziki unabadilika na mkono unaibuka na simu. Simu inakaushwa, inachajiwa, inawaka! Kwenye skrini kuna picha ya mtu. Dakika kumi baadaye jamaa amesimama mlangoni kwa mtu huyo, kamera iko kifuani, na mwenye simu anafunika mdomo kwa mkono na kuanza kulia.

Mkubwa wa fani hii ni Jake Koehler, kijana wa jimbo la Georgia, Marekani, ambaye chaneli yake ilijulikana kwa jina la DALLMYD na ina wafuasi zaidi ya milioni 10. Wako wengine wengi. Mwaka 2019 mwenye chaneli ya Nuggetnoggin alitoa simu katika mto Edisto, South Carolina. Ilikuwa imekaa majini zaidi ya mwaka mmoja, ndani ya kifuko kisichoingiza maji, na mlikuwa na jumbe za mwisho ambazo mwenye simu aliandikiana na baba yake kabla mzee hajafariki. Hiyo nililia. Niko Nyalenda, bando limebaki la shilingi ishirini, nalilia simu ya mtu wa South Carolina.

Watu wa fasihi hawazigusi hizi video. Silabasi ya fasihi simulizi katika chuo nilichokiacha mwaka wa tatu ilikuwa na ngano, mighani na visasili, na tukaambiwa ngano zinakufa kwa sababu ya simu. Lakini tazama umbo lake: mtu anashuka mahali ambapo wengine hawafiki, anakutana na kitu cha ajabu, anapanda nacho, anafika mlangoni, kunatokea kilio cha furaha. Hiyo ni ngano kamili. Kama ni ngano basi ihukumiwe kama ngano, na njia nzuri ya kuihukumu ni kuiweka kando ya nyingine inayoanza palepale, mtu akivuta kitu kutoka majini, lakini inayoishia pabaya. Sisi wa upande huu wa ziwa tunayo. Inaitwa Nyamgondho wuod Ombare.

Kwanza, maji yenyewe, kwa sababu maji ya Georgia si maji ya Kisumu. Ziwa Victoria, Nam Lolwe kwa Kijaluo, lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Kenya ina kama asilimia 6 tu. Sehemu ya fungu letu ni Ghuba ya Winam, maji mafupi yenye matope, na upepo ukigeuka magugu yanafunika ufuo hadi mtu anaweza kudhani ni shamba. Ukitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, vidole huvioni. Kuna kichocho, kuna kiboko, na kuna mahali pa mamba. Sijawahi kuona hapa mjini duka la kukodisha mitungi ya hewa. Kwetu hakuna anayepiga mbizi kwa starehe. Anayezama ni mvuvi ambaye wavu wake umenasa kwenye kisiki, kijana aliyetumwa kutafuta injini ya boti iliyodondoka, au mtu anayetafuta maiti. Wengi wao hawana mtungi. Wana mapafu.

Nilimuuliza mzee mmoja pale Dunga, mvuvi wa miaka mingi, swali ambalo niliona ni rahisi. "Jaduong', mtu akiokota wavu majini, unakuwa wa nani?"

Akacheka. "Wavu hauokotwi, nyathina. Wavu una mtu."

Akanieleza. Kila mtu ana namna yake ya kutengeneza maboya, mwingine kwa vipande vya ndara, mwingine kwa vipande vya jerikeni, na kila mmoja ana fundo lake na rangi yake. Wanaovua pamoja wanajuana kwa alama hizo kama watu wanavyojuana kwa sauti. Ukikuta wavu umechukuliwa na mawimbi, unaupeleka kwa BMU, ile kamati ya ufuo, na mwenyewe akija anakupa ya soda. Ukikaa nao kimya, siku utakayoutandaza utaonekana.

"Na simu je?"

Akafikiria. "Simu pia ina mtu. Shida yake, huwezi kusoma alama kabla hujaiwasha."

Nimelibeba jibu hilo tangu siku hiyo. Sasa turudi kwa Nyamgondho.

Hadithi ina matoleo mengi na kila nyumba inasema lake ndilo sahihi. Mimi nitatumia la dani yangu. Nyamgondho alikuwa mvuvi fukara huko Gwassi, kusini mwa Mbita, mtu asiye na mke wala ng'ombe. Alfajiri moja akavuta chombo chake kikawa kizito kuliko siku zote. Akafurahi. Kilipofika juu, hakikuwa na samaki, kilikuwa na mwanamke mzee, wa kutisha kumtazama. Nyamgondho akataka kumrudisha majini. Bibi akamwomba amchukue nyumbani. Akamchukua. Kesho yake boma lilikuwa limejaa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, na tangu siku hiyo akawa tajiri. Akaoa wake wengi. Akaanza kunywa. Usiku mmoja akarudi amelewa, akagonga, mlango ukachelewa kufunguliwa. Akamgeukia yule bibi kwa matusi: wewe ni nani hapa? Si mimi nilikuvua ziwani?

Bibi hakujibu. Akatoka, akaelekea ziwani, na kila chenye kwato na mbawa kikatoka nyuma yake, msafara mzima ukaingia majini. Nyamgondho akawafuata akibembeleza hadi ufuoni. Akasimama pale ameegemea fimbo yake, akatazama, na hapo hapo akageuka mti. Kule Nyandiwa wenyeji huonyesha mahali penyewe, na alama kwenye mawe ambazo husemekana ni nyayo za mifugo ile.

Shuleni tulifundishwa kwamba funzo lake ni pombe. Mwalimu mwingine akasema funzo ni kuheshimu mke. Mhubiri niliyemsikia akiitumia alisema funzo ni shukrani. Zote zinaingia, lakini zote zinaacha swali moja bila kuguswa. Kwa nini bibi hakuondoka mapema? Nyamgondho alilewa siku nyingi. Alioa wake wengine, akanenepea mali ambayo hakuitolea jasho. Yule bibi alivumilia yote hayo. Kilichomwondoa ni sentensi moja, na sentensi hiyo haikuhusu pombe wala wivu. Ilihusu namna alivyopatikana. Tusi lenyewe ni "nilikuvua".

Kuvua ni kitenzi cha samaki. Mtu anayevuliwa amekwisha kuwa kitoweo. Mpaka usiku ule, Nyamgondho alikuwa ameishi na mgeni aliyetoka majini, na mgeni huyo alikuwa na mambo yake, kwao kwake na sababu zake za kuja. Aliposema "si nilikuvua", aligeuza tukio la kukutana likawa hati ya umiliki. Alidai kwamba kwa kuwa mkono wake ndio uliovuta, kilichovutwa ni chake, na hata heshima ya kilichovutwa ni juu yake kuitoa au kuinyima. Hapo ndipo mali ikakumbuka njia ya kwao.

Kwa hiyo mimi nasoma Nyamgondho kama hadithi ya kuokota. Inasema kwamba kuokota kunakupa jukumu, hakukupi haki ya kumiliki. Unaweza kukaa na kitu ulichokikuta, unaweza hata kufaidika nacho, hadithi haikasiriki. Ng'ombe walikamuliwa miaka yote ile. Inachokikataa ni pale unapoanza kutumia ajali ya kukiona kama ushahidi kwamba wewe ni mkubwa wake.

Kiswahili chenyewe kimetuwekea mtego hapa. Tunasema "nimepata simu" kwa simu uliyonunua Oginga Odinga Street kwa pesa zako, na tunasema "nimepata simu" kwa simu uliyoikuta chini ya kiti cha matatu. Neno moja linabeba kukuta na kumiliki, na mtu mjanja anaweza kuvuka kutoka maana moja hadi nyingine bila hata kubadilisha sauti. Nyamgondho alivuka hivyo.

Utaniuliza, lakini wale jamaa wa YouTube si wanarudisha? Nyamgondho alikaa na mali, wao wanapeleka mlangoni. Wametofautianaje na yule mzee wa Dunga anayepeleka wavu kwa BMU?

Ndiyo, wanarudisha chombo. Swali langu ni wanabaki na nini. Tazama tena ile video. Mwenye simu anaonekana mwishoni, kwa dakika moja na nusu, akilia. Kabla ya hapo tumeshaona picha yake ya skrini, pengine majina ya watu wake, pengine jumbe zake. Hakuna wakati ambapo aliulizwa kama anataka watu milioni wamwone akipokea kitu kilichomuuma. Chuma na kioo vimerudi kwake. Kilio kimebaki kwa aliyezama, kinazunguka na matangazo ya biashara juu yake, na kila anayekiona anamsifu aliyezama. Yaani simu imerudishwa na hadithi imekatwa minofu. Nikisikia "ona nilichokipata chini ya mto", nasikia mtu amesimama nje ya mlango usiku, anagonga.

Sheria yetu inalijua swali hili, ila inaliuliza kwa ufinyu. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza wizi ni nini, na kinagusa pia kitu kilichopotea. Aliyekiokota akakichukua hahesabiki kuwa na nia ya wizi ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe, na aliamini kwa sababu za maana kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Sentensi hiyo ina uzito. Inamaanisha ukijua mwenyewe ni nani, au ukiwa na njia ya kumjua, basi kuokota hakukufuniki. Na simu ina laini iliyosajiliwa kwa jina na kitambulisho cha mtu. Ni vigumu sana siku hizi kuokota simu na kuapa kwamba mwenyewe hajulikani.

Lakini sheria inaishia kwenye kitu. Haiulizi ulimtafutaje mwenyewe. Kwa hilo nimepata msaada zaidi katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo watu wa Pwani wamelelewa nayo na misikiti ya hapa Kisumu inayafundisha pia. Mimi si Mwislamu, lakini hukumu ya kitu kilichookotwa ni kazi nzuri ya kufikiri. Mafundisho yanamtaka mwokotaji afanye mambo mawili kwa mpangilio: akijue kitu vizuri, mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha atangaze kwa mwaka mzima. Atakayekuja akataja mfuko na kamba kama vilivyo ndiye mwenyewe.

Fikiria mantiki yake. Ili mtihani ufanye kazi, mwokotaji lazima anyamaze kuhusu zile alama. Anatangaza kwamba kuna kitu, hatangazi kikoje. Siri ya kitu inabaki kwa watu wawili tu, aliyekipoteza na aliyekikuta, na siri hiyo ndiyo inayomtofautisha mwenyewe na tapeli. Sasa linganisha na video. Video inaonyesha kifuko, rangi, mkwaruzo na picha ya skrini, dunia nzima inaona. Imefuta njia pekee ambayo mwenyewe angejithibitisha nayo, na imefanya hivyo kwa jina la kumtafuta. Hata kama nia ni safi, ni utaratibu mbovu. Yule mzee wa Dunga angeelewa mara moja. Mwenye wavu anatajiwa kwamba kuna wavu BMU, halafu aseme mwenyewe fundo lake likoje.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kuliruka kwa sababu linatoka mtaani kwangu. Kijana wa Nyalenda au Manyatta akiingia kituo cha polisi na simu ya bei mkononi, akasema nimeiokota, swali la kwanza atakaloulizwa si "unaitwa nani tukushukuru". Kijana wa Georgia anaweza kugonga mlango wa mtu asiyemjua akiwa na pete ya mtu huyo mfukoni na akakaribishwa ndani. Sisi wengi wetu hatuwezi. Kwa hiyo omera mmoja aliponiambia kwamba yeye akiokota kitu lazima arekodi kila hatua, sikumwona kama mtafuta sifa. Kwake kamera ni shahidi wa pekee asiyeweza kununuliwa.

Nakubali kabisa. Ila kamera ya shahidi na kamera ya sokoni hazifanyi kazi moja. Ya shahidi inarekodi na kukaa kwenye simu yako hadi siku utakapoulizwa. Ya sokoni inarekodi ili ipandishwe leo jioni. Ya kwanza inakulinda wewe. Ya pili inamtumia yule mwingine. Tofauti yao huioni kwenye picha, unaiona kwenye kitufe kinachobonyezwa baadaye. Ukitaka ya pili, muombe mwenyewe ruhusa, tena kabla hajafungua mlango, si baada ya kulia.

Na asipopatikana kabisa? Sheria inaelekea kusema basi chukua. Mombasa ina jibu lingine ambalo nalipenda. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu ikiwa imezingirwa na Waomani, meli ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama chini ya kuta zake. Katika miaka ya 1960 wapiga mbizi waliikuta, na kuanzia 1977 hadi 1980 waakiolojia wa taasisi ya Marekani ya akiolojia ya majini pamoja na Makumbusho ya Taifa walichimba pale kidogo kidogo. Hakuna baharia wa kurudishiwa bakuli lake. Wala huwezi kusema kwa urahisi meli ile ni ya nani: Wareno waliimiliki, iliundwa India, ilizama Mombasa. Lakini hakuna aliyesema basi ni yangu. Vitu viliandikwa kimoja kimoja, na vingine unaweza kuviona leo kwenye jumba la makumbusho mle mle ngomeni, hatua chache kutoka mahali vilipozama. Mwenyewe akikosekana, kitu kinarudi kwa mahali, na anayekitazama anaelezwa kilitoka wapi. Nyamgondho aliambiwa kilikotoka kila siku na akakitumia kama tusi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila kinachozama kinadaiwa na mtu aliye nchi kavu. Lakini upande wetu kuna imani nyingine, kwamba ziwa nalo lina madai yake. Mtu akizama utasikia wazee wakisema Lolwe limechukua chake. Na kwa juu juu Nyamgondho anaonekana kuwaunga mkono, maana bibi na ng'ombe walirudi majini na hakuna aliyewatoa tena.

Hapo ndipo namhitaji Grace Ogot. Katika hadithi yake "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wa *Land Without Thunder* wa mwaka 1968, ukame umeua nchi na mganga anatangaza kwamba Oganda, binti wa pekee wa chifu Labong'o, lazima apewe zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Wazazi wanavunjika moyo lakini wanamtoa. Msichana anatembea peke yake hadi karibu na maji. Osinda, kijana anayempenda, anamfuata, anamfunika kwa vazi la majani ili macho ya wahenga yasimwone, na wanakimbia. Na mvua inanyesha.

Watu hubishana kuhusu mvua hiyo. Wengine husema ilinyesha kwa sababu Oganda alishatolewa moyoni, hata kama mwili uliokolewa. Mimi nasoma kwa ukali zaidi. Ogot anatuonyesha kwamba deni la ziwa lilitamkwa na watu waliosimama ufuoni. Ziwa halikuja kudai. Waliomhesabu Oganda kuwa mali ya maji ni wanadamu, na alipochukuliwa mbingu hazikukasirika. Nyamgondho na Oganda hawapingani. Bibi alirudi majini kwa miguu yake kwa sababu ndiko kwao. Oganda alipelekwa majini, na kwao kulikuwa nyumbani. Swali ni lilelile la wavu: una mtu? Mtu huyo ni nani?

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Ilielea kichwa chini huku walionaswa ndani wakigonga bodi. Tundu lilipokatwa ili watolewe, hewa iliyokuwa inawashikilia ikatoka, na meli ikazama. Waliokufa walikuwa zaidi ya 800. Wapiga mbizi walitoa baadhi ya miili, wengi wakazikwa Igoma pale Mwanza, na wengine wakabaki ndani ya meli hadi leo. Ukiwaambia watu wao kwamba ziwa limechukua chake, unawaambia wasidai. Ni sentensi rahisi sana kwa mwenye meli na kwa mwenye serikali.

Na si lazima tuvuke mpaka. Januari 2022 wanaharakati wa haki walitangaza kwamba katika mochari ya hospitali ya Yala, kaunti ya Siaya, kulikuwa na miili zaidi ya 10 isiyotambuliwa iliyotolewa katika mto Yala, mto ambao unamwaga maji yake kwenye ziwa hili. Baadhi ilipatikana ikiwa ndani ya magunia. Wapelelezi wakatumwa. Kabla ya kamera zote hizo kufika, kulikuwa na mpiga mbizi wa kijijini, mtu wa kujitolea, aliyekuwa akiitoa miili hiyo kwa muda mrefu kwa mikono yake. Hakuwa na chaneli. Alikuwa na mto.

Watetezi wa video wana hoja nzuri hapa. Bila kutangaza, familia kutoka kaunti nyingine zisingejua pa kwenda kutafuta. Ni kweli, na ndiyo maana sipingi tangazo. Tangazo lilisema: kuna watu hapa, wanaume, walitolewa mtoni, njooni. Halikuhitaji nyuso. Familia zilizofika ndizo zilizokuwa na alama, nguo fulani, kovu fulani, jino fulani. Ni mfuko na kamba tena, safari hii kwa maiti. Upande huu wa ziwa mtu anatakiwa alale kwao, kwenye boma lake, na aliyemtoa majini bila kumfanya chochote kingine amemrudisha nusu ya njia.

Huko Marekani nako fani imesogea upande huo. Kikundi cha Adventures With Purpose cha Oregon kilianza kwa kuondoa takataka mitoni, kikaishia kutafuta magari yaliyozama na watu waliopotea wakiwa ndani yake. Familia kadhaa zimepata majibu ambayo hazikuyapata kwa miaka mingi, na siwezi kudharau hilo. Lakini umbo la video limebaki lile lile la miwani na simu: muziki unabadilika, mkono unaibuka. Kilichoibuka sasa ni baba wa mtu, na mtazamaji bado anasubiri mlango ufunguliwe.

Sisemi tuache kuziangalia. Mimi mwenyewe nitaangalia ya nne, na siku moja kijana wa Dunga au Usenge atatengeneza ya kwetu, yenye maji yasiyoonyesha kitu, pumzi moja na mkono unaopapasa gizani. Nitakuwa wa kwanza kumpa maoni. Nitataka kujua kama mwenye kitu ana jina alilokubali litajwe, kama ameongea au amelia tu, na kama zile alama zilifichwa hadi alipozitaja mwenyewe. Na nitasikiliza kitenzi. Akisema "hiki kina mtu", nitabaki hadi mwisho. Akisema "angalieni nilichovua", nitafunga nilinde bando.